Nasaha kwa Mawinga wa Kalamu

Katika mitaa ya Kariakoo, mjini Dar es Salaam, wapo watu wanaojulikana kwa jina la mawinga, wasiokuwa na duka wala shehena, ambao mtaji wao wote ni ulimi na maarifa ya kujua nani anauza nini na kwa bei gani, na ambao kazi yao ni kumlaki mnunuzi angali barabarani, kumwuliza haja yake kwa bashasha, na kumwongoza kupitia vichochoro na ngazi mpaka kwenye chumba cha ghorofa ya tatu ambacho peke yake asingekifikia, kisha wao wakapata chao, ama kutoka mkononi mwa mwenye duka, ama katika nyongeza iliyotiwa ndani ya bei bila ya mnunuzi kuarifiwa. Wako wanaowalaani watu hawa kwa jumla, nami simo miongoni mwao, kwa kuwa mgeni aliyefika kutoka Sumbawanga au Lubumbashi akiwa na siku moja tu ya kununua mzigo wake, lau asingempata mtu wa kumwongoza, angeimaliza siku hiyo akizunguka. Ila naona kwamba mawinga ni namna mbili, yuko anayemwambia mnunuzi waziwazi kuwa duka hili linanipa kitu nikileta mteja, na yuko anayejifanya rafiki aliyekutana naye kwa bahati tu.

Makala hii nawaandikia wenzangu tunaoishi kwa kuwasimulia watu habari za safari, wa magazetini na wa redioni, na vijana wengi wa leo ambao simu ya mkononi ndiyo kalamu yao na ndiyo kamera yao, pamoja na wenye nyumba za wageni na waongozaji watalii wanaojitungia matangazo yao wenyewe; na dai langu ni kwamba sisi sote, tupende tusipende, tunafanya uwinga, na kwamba aibu haimo katika uwinga bali katika kuuficha. Tena hali yetu ni ya hatari kuliko ya winga wa Mtaa wa Kongo huko Kariakoo, kwa sababu yeye mnunuzi akidhulumika humrudia kesho yake na kumfanyia fujo mbele ya watu, ilhali msomaji wetu akidanganyika hurudi zake Hamburg au Mbeya na hasira yake moyoni, wala hatumwoni uso.

Tazama kwanza jinsi nchi hii ilivyozoea kunadiwa. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alitoa filamu kuhusu Serengeti iliyokuja kupata tuzo ya Oscar, naye mwanawe Michael, mshirika wake katika kazi hiyo, alikwisha kufa katika ajali ya ndege huko huko porini kabla filamu haijaonyeshwa. Mzee huyo alikuwa na kipindi chake katika televisheni ya Ujerumani, na inasimuliwa kwamba aliwatangazia watazamaji safari za bei nafuu za Afrika Mashariki wakati ambapo hakuna kampuni iliyokwisha kuziandaa, akikusudia wateja waende kuziulizia hata kampuni zione haya na kuzianzisha. Hila ikafaulu. Wapo wanaomsifu kwayo mpaka leo, na kwa kuwa aliwapenda wanyama kweli sitaki kumkalia kitako cha hukumu, lakini naitaja kadhia hiyo kama ithibati kwamba katika utalii wetu tangazo lilitangulia na safari ikafuata nyuma.

Baadaye Bodi ya Utalii ikaitangaza Tanzania kuwa nchi ya Kilimanjaro, Zanzibar na Serengeti, majina matatu mazuri ambayo Dar es Salaam haimo ndani yake. Na tarehe 18 Aprili 2022 ikazinduliwa New York filamu ya The Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alikuwa mwongozaji wa mwandishi wa Kimarekani Peter Greenberg, aliyekwisha kufanya vivyo hivyo na Mfalme Abdullah wa Jordan na Rais Kagame wa Rwanda. Idadi ya watalii wa kutoka nje ilivuka milioni 2 mwaka 2024, wala sina ugomvi na mavuno hayo. Ninalolalamikia ni kwamba mji mkubwa kuliko yote nchini umebakia katika vijitabu vya safari kama mahali pa kungojea ndege au boti, wenye kupewa aya mbili, moja ya kueleza namna ya kutoka bandarini kwenda Unguja, na nyingine ya kumwonya msomaji dhidi ya Kariakoo.

Sharti la kwanza la anayetaka kuuandika mji huu bila kuuficha uwinga wake, basi, ni kusema nani amelipa. Ukilazwa hotelini bure, ukipewa tiketi ya boti, ukilishwa chakula cha mchana na mtu mwenye biashara, liandike jambo hilo katika mistari ya mwanzo, si mkiani ambako msomaji hafiki, wala si kwa vifupisho ambavyo yeye havijui. Najua ugumu ulipo kwetu watu wa pwani, nao ni ugumu wa adabu: tumelelewa kwamba aliyekaribishwa hasemi kuwa pilau lilizidi chumvi, na mgeni akila hushukuru, akatoka, akasifu. Adabu hiyo ni njema nyumbani kwa watu, walakin hoteli si nyumba ya mtu, na takrima inayotolewa kwa matumaini ya kuandikwa vizuri si takrima tena bali ni ujira. Karl Baedeker wa Koblenz, ambaye katika karne ya 19 vitabu vyake vya kuongoza wasafiri vilisambaa Ulaya nzima, na kampuni aliyoiacha baada yake, walikataa kutia matangazo ya biashara ndani ya kurasa, wakawatahadharisha hata wenye hoteli kuwa sifa zao hazinunuliki. Na kwa kuwa msomaji alilijua hilo, nyota moja iliyochapwa kando ya jina la hoteli ilikuwa na thamani kuliko ukurasa mzima wa maneno ya asali.

Utasema Baedeker alikuwa na mtaji, nasi tuna njaa. Hiyo ni kweli, na sitaki ukatae kila kinachotolewa, maana huyo asiyepokea chochote na asiyekuwa na mali ataandika kitu kimoja kisha aende akalime. Ila angalia kwamba katikati ya Dar es Salaam ni mahali ambapo kazi hii yaweza kufanywa bila mfadhili, kwani chai ya maziwa na chapati, kahawa chungu ya dele na kashata zake, sahani ya wali maharage kwa mama lishe, na nauli ya mwendokasi mpaka Gerezani, vyote hivyo ni gharama inayobebwa na mfuko mdogo. Na mwandishi aliyelipia chai yake mwenyewe ana haki ya kusema kuwa ilikuwa ya baridi. Yaweke mashairi ya hoteli za ufukweni upande mmoja, yenye jina la mlipaji juu yake, na kazi yako ya mjini upande mwingine, ili msomaji ajue katika kila ukurasa anaongea na nani. Na ikiwa pamoja na kuandika unataka pia kuwachukua wageni mkononi na kuwatembeza kwa malipo, fahamu kuwa hapo umeingia chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 na leseni zake, na usijifiche nyuma ya kalamu.

Sharti la pili ni kuacha sifa zilizokwisha kuvaliwa na kila mji. Soma walivyoandika wageni kuhusu Kariakoo, na siku hizi soma hata tulivyoandika wenyewe kwa kuwaiga wageni, utakutana na rangi, harufu za viungo, kelele na msongamano, maneno ambayo ukiyahamishia Marrakech yanakaa vilevile bila kubadili herufi. Nayo si uongo. Viungo vipo na kelele zipo. Ila hayamwambii mtu lolote ambalo asingelikisia akiwa kwao kitandani.

Na mambo ya kusema yapo tele. Mji huu ulioanzishwa na Sayyid Majid bin Said katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, na ambao Wajerumani waliufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891 badala ya Bagamoyo, ulikatwa na watawala katika kanda kwa namna za majengo na, chini ya kisingizio hicho, kwa rangi za watu: Wazungu upande wa mashariki kwenye upepo wa bahari, Wahindi katikati kwenye maduka, na Waafrika ng'ambo ya uwanja ambao Waingereza waliuacha wazi makusudi ili utenganishe, nao ndio Mnazi Mmoja. Kwa hiyo mgeni anayeanza kwa miguu kwenye Sanamu la Askari, lililosimamishwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu la gavana wa Kijerumani Wissmann, akaifuata barabara ya Samora, akapenya kwenye mitaa ya misikiti na mahekalu kuelekea Kisutu, akatokea Mnazi Mmoja na kuvuka mpaka Mtaa wa Lumumba, ambako chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, huyo anaivuka ramani ya ukoloni kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mwendo usiofika saa moja, na kama hukumwambia atadhani ametembea juani tu.

Mbele yake kidogo ndiko Kariakoo yenyewe. Hapo Wajerumani walikusudia soko. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916 pakageuzwa kambi ya wapagazi wa vita, watu walioshikwa vijijini kwa maelfu kwenda kubebeshwa shehena za jeshi, wengi wao wasirudi makwao. Vita vilipokwisha soko likafunguliwa na kambi ikasahauliwa, isipokuwa jina la wapagazi hao, ambalo ndilo lililobaki kuwa jina la Kariakoo. Jengo lililokuja baadaye, ambalo Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975, lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, kwa kuifuata desturi ya watu wetu ya kuuziana chini ya kivuli cha mti: paa lake ni safu za miavuli ya zege juu ya nguzo nene, miavuli iliyopinduliwa ili ikinge mvua na kuiteremsha kwenye matangi, na chini ya ardhi ikawekwa sehemu ambayo wachuuzi waliizoea kwa jina la Shimoni. Nimesoma kurasa nyingi za wasafiri walioingia ndani ya jengo hilo wakaandika habari za nyanya na pilipili, wasiinue macho juu hata mara moja. Mwanafunzi wa usanifu majengo angeweza kupanda ndege kuja kuliona paa hilo. Nani amemwambia kuwa lipo?

Hapa pana sehemu ambayo tangazo haliiwezi na mwandishi anaiweza. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua, likafungwa, na wafanyabiashara wake wakatawanyika. Na tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja katika mitaa hiyo hiyo liliporomoka asubuhi watu wakiwa madukani, wakafa wengi. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye ukumbi katikati, baraza mbele na uwani nyuma, ambamo Kariakoo ya miaka ya 1950 ilikaa na kupanga siasa zake, zimebomolewa moja baada ya moja kupisha maghorofa yenye fremu za maduka kutoka chini hadi juu. Anayeyaandika maghorofa hayo kuwa ni alama ya maendeleo tu, asitaje kifusi wala waliofukiwa, amemfanyia msomaji wake kama winga anayemsifia mteja redio asiyoijaribu. Wala simaanishi kwamba kila makala iwe tanzia. Kariakoo haipendi kuliliwa, na siku ambayo Simba ya Msimbazi na Yanga ya Jangwani wanakutana uwanjani, mgeni aliyeko katika mitaa hii ataona furaha na uchokozi ambao hakuna kampuni ya utalii iliyoweza kuuandaa.

Juu ya maonyo nitasema kwa kirefu kidogo, maana ndipo tunapowadhulumu wenyeji zaidi. Kuandika kwamba Kariakoo ni mahali pa hatari ni rahisi, na humkinga mwandishi na lawama, kwa sababu akiibiwa mtu atasema nilimwonya, na asipoibiwa hakuna atakayeuliza. Lakini onyo la namna hiyo halimsaidii aendaye, bali humzuia tu yule ambaye angekwenda. Onyo lenye manufaa lina mahali, lina saa na lina jinsi. Mwambie mgeni kuwa mfuko wa nyuma wa suruali si mahali pa pochi katika Mtaa wa Kongo wakati wa msongamano wa mwisho wa mwaka. Kwamba mkokoteni uliojaa marobota na guta lenye shehena havina breki za kumstahi mtu anayepiga picha katikati ya njia. Kwamba ahesabu fedha zake chumbani na si mbele ya duka. Kwamba akienda asubuhi, maduka yanapofunguliwa, atapata nafasi ya kutembea na wauzaji wenye wasaa wa kumjibu. Mweleze pia afanye nini akipotea: aulize mwenye duka aliyekaa ndani, asiulize anayemfuata nyuma. Hayo ni maonyo anayoyatoa mama kwa mwanawe anayemtuma sokoni, wala hakuna mwenye duka atakayeyasoma akaona amevunjiwa hadhi.

Katika picha mambo ni mafupi. Omba kwanza, kwa mdomo au kwa ishara, na ukikataliwa shukuru uende zako. Kuli aliyeinama chini ya gunia hakukubali kuwa pambo la tangazo lako, na mwanamke anayechagua khanga Mtaa wa Uhuru amekuja kununua. Ukimpiga mtu picha kwa ajili ya biashara mlipe, na mwonyeshe itakapowekwa. Kule Feri, kwenye soko la samaki, kumbuka kuwa Ikulu iko jirani, na kamera iliyoelekezwa upande huo, au kwenye bandari, au kwenye kituo cha polisi, yaweza kukupotezea siku nzima kwa maelezo. Ijumaa mchana jihadhari usimsimamishe mtu anayekimbilia sala kwa ajili ya mahojiano yako.

Sasa niseme juu ya msomaji, kwani naona hapo ndipo palipo kiini. Mwaka 1896 msafiri mmoja, Salim bin Abakari, alifuatana na Wajerumani hadi Urusi na Siberia, akayaandika aliyoyaona kwa Kiswahili, na habari zake zikachapwa mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli alichokikusanya Carl Velten. Na Martin Kayamba, alipokwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, alituandikia Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Wote wawili waliandika kwa lugha ambayo wenyeji wa nchi walizozisimulia hawakuweza kuisoma, kwa hiyo walikuwa na uhuru ule ule ambao wasafiri wa Ulaya wamekuwa nao juu yetu kwa karne nyingi, na ambao mwandishi Shiva Naipaul aliutumia bila kiasi alipopita Kenya, Tanzania na Zambia na kukitoa kitabu chake North of South mwaka 1978. Sidhani kwamba alitazamia kujibiwa na muuza kahawa. Uhuru huo umekwisha. Simu hutafsiri, mwenye duka wa Mtaa wa Aggrey anaiuza simu hiyo hiyo, naye aweza kusoma ulichoandika juu yake jioni hiyo hiyo kabla hajafunga mlango. Kabla ya kuitoa makala yako ichukue mpaka kwenye baraza mojawapo wanapokaa wazee na vikombe vya kahawa, uwasomee kwa sauti sehemu inayowahusu, na wanapocheka mahali ambapo hukukusudia wachekee, futa hapo.

Na msomaji mwingine yupo ambaye karibu sote tumemsahau. Shirika la Utalii Duniani humhesabu kuwa mtalii kila mtu anayelala ugenini angalau usiku mmoja kwa muda usiofika mwaka, akiwa hakuja kuajiriwa huko, hata kama safari yake ni ya biashara; kwa hesabu hiyo mama mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi kununua vitenge, kijana wa Ndola aliyeshuka na treni ya TAZARA, Mngazija aliyekuja kutafuta vyombo vya nyumbani, na Mnyarwanda anayefuata vipuri vya magari Gerezani, hao wote ni watalii kamili, tena hawakuvutwa na filamu wala na kauli ya bodi yoyote, wanarudi kila wapatapo mtaji, na fedha zao hulala katika nyumba za wageni za Msimbazi na Gerezani badala ya kupita tu katika uwanja wa ndege. Ongeza Watanzania wenzetu wa Songea na Mwanza, na wale wa Dodoma na Morogoro ambao tangu mwaka 2024 treni ya umeme imewafanya kuwa jirani zetu. Vijitabu vyenye picha za twiga havina neno hata moja kwao, na kwa hiyo tumewaachia mawinga wa barabarani peke yao.

Kijana anayeniuliza aanzie wapi kazi hii, mimi humwambia aanze na karatasi moja tu, iliyochapwa pande mbili, kwa Kiswahili upande wa kwanza na Kifaransa upande wa pili, yenye ramani ya mitaa iliyochorwa kwa mkono safi: khanga na vitenge viko wapi, simu ziko wapi, vipuri viko wapi, pembejeo na mbegu ziko wapi; vituo vya mwendokasi vya Gerezani na Msimbazi; msikiti na kanisa lililo karibu; mahali pa kula ambapo mchuzi haujalala; namna ya kufunga mzigo, na maswali ya kumwuliza msafirishaji kabla ya kumkabidhi robota, yaani jina lake, ofisi yake, stakabadhi yake, na nani atakayelipa ushuru mpakani. Aitembee kila njia kwa miguu kabla ya kuichora, aulize bei lakini asiziandike, maana hubadilika kabla wino haujakauka, na atie tarehe juu kabisa ili anayeiokota baada ya mwaka ajue ameokota ya zamani. Aipeleke mwenyewe kwenye meza za nyumba za wageni, stesheni ya TAZARA, na ofisi za mabasi ya Tunduma. Gharama ya kuichapa wenye maduka wataitoa kwa furaha, kwani kila mmoja atataka jina lake lionekane. Awakubalie, lakini majina yao yakae chini, ndani ya kisanduku chenye mstari mweusi pande zote, na juu ya kisanduku liandikwe kwa herufi kubwa kuwa haya ni matangazo, yamelipiwa.